Damu Kwanza, Dawa Baadaye: Mazungumzo na Wafugaji wa Pito Kuhusu Vipimo vya Vinasaba

 

Haya ni yale niliyozungumza nanyi hapa Pito siku tulipokutana kwa ajili ya chanjo. Wengi hamkuwepo, wengine mlikuwa shambani, wengine machungani. Nimeombwa niyaandike ili aliye nyumbani anayejua kusoma amsomee asiyejua. Nimeongeza na maswali mliyoniuliza, maana baadhi yalikuwa mazuri kuliko maelezo yangu.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka ya mwanzo ya kazi hii niliitwa kwa mzee mmoja mwenye maksai wawili wa kulimia. Kiangazi alikuwa amewateremsha bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, kutafuta majani. Mvua za kwanza zilipoanza akawapandisha huku juu ili walime. Mmoja alikuwa amedhoofu. Manyoya yamesimama, macho yanatoa machozi, tezi za mbele ya bega zimevimba, joto la mwili liko juu. Nikashika zile tezi, nikakumbuka kupe waliojaa huku Ufipa, nikasema: hii ni ndigana. Nikamchoma sindano ya ndigana. Siku ya tatu homa ikashuka, tukapongezana.

Baada ya wiki mbili nikaitwa tena. Fizi zimekuwa nyeupe kama karatasi, ng'ombe anasimama kwa shida. Hapo ndipo nikakumbuka kuuliza alikuwa amechungwa wapi. Nikatoa damu, nikaiangalia kwa hadubini, sikuona kitu. Nikamwambia mzee kwamba si ndorobo. Maksai akafa wiki ileile ambayo majirani walikuwa wanalima. Mzee hakunitukana. Alisema tu, "Bwana Mifugo, sasa huyu mmoja nitamfunga na nani?"

Mpaka leo siwezi kuapa ni nini kilichomuua. Naamini ilikuwa ndorobo, ugonjwa ambao vitabuni huitwa nagana na huletwa na mbung'o. Homa ya nagana ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Iliposhuka siku ya tatu, nilidhani ni dawa yangu, kumbe huenda ilikuwa desturi ya ugonjwa. Na kutoona kimelea kwenye hadubini hakukuwa na maana kwamba hakipo.

Hapa ndipo wengi mnaponikatisha na kusema, "Sasa hadubini ina faida gani?" Ina faida kubwa, nami bado naitumia kila wiki. Lakini ugonjwa ukishakuwa wa muda mrefu, vimelea kwenye damu huwa wachache mno. Unaweza kuangalia tone moja, mawili, matatu, usikutane na hata kimoja. Ziko aina za vimelea hao zinazopenda kung'ang'ania kwenye kuta za mishipa midogo midogo ya damu, ndiyo maana mkiniona natoboa sikio la ng'ombe badala ya shingo, sifanyi hivyo kwa uvivu. Tena vimelea hufa mapema damu ikishatoka mwilini. Damu uliyoitoa alfajiri kule bondeni, ukaipakia kwenye pikipiki, ikafika mjini Sumbawanga jioni, hadubini haitakuambia mengi. Kimelea aliyekufa hachezi, na tumezoea kumtambua kwa kuona anavyocheza katikati ya chembe za damu.

Lakini kuna kitu ambacho kimelea akifa hakipotei mara moja: vinasaba vyake. Neno hili mmelisikia kwenye redio, watu wanapopelekana kupima mtoto ni wa nani. Kila kiumbe hai, tangu ng'ombe hadi kupe, hadi kidudu kisichoonekana kwa macho, kimebeba ndani yake maandishi marefu ya jinsi kilivyo. Hayo ndiyo vinasaba. Maandishi ya kimelea wa ndorobo si ya kimelea wa ndigana, na wala si ya ng'ombe. Mnazijua hereni tunazowavalisha ng'ombe ili wajulikane ni wa nani. Vinasaba ni hereni ambayo mwizi hawezi kuing'oa, kwa sababu iko ndani ya kila chembe ya mwili.

Swali linabaki, utaisomaje hereni iliyo ndogo hivyo, iliyochanganyika na damu ya ng'ombe? Wataalamu wanaisoma kwa mkasi. Mkasi wenyewe si wa chuma, ni kimeng'enya.

Vimeng'enya mnavyo hata ninyi mdomoni. Tafuna tonge la ugali kwa muda mrefu bila kumeza, utaona linaanza kuwa tamu. Hiyo ni kazi ya kimeng'enya cha mate, kinakata wanga na kuutoa utamu. Viko vimeng'enya vinavyokata nyama tumboni, na viko vinavyokata vinasaba. Hivi vya mwisho havikutengenezwa na binadamu, vilikutwa ndani ya bakteria. Bakteria nao huugua, hushambuliwa na virusi, na silaha yao ni kukatakata vinasaba vya virusi vinavyoingia. Nilipofundishwa jambo hili kwenye mafunzo kazini nilicheka. Kidudu kinachotuulia ndama, nacho kina adui wa kumwogopa.

Mkasi wa kwanza ni wa siku nyingi kidogo. Mwaka 1978 wanasayansi watatu, Werner Arber, Daniel Nathans na Hamilton Smith, walipewa Tuzo ya Nobel kwa sababu yake. Mkasi huu hukata mahali pamoja tu, pale unapokuta neno lake. Chukua kamba ndefu iliyofungwa mafundo hapa na pale, umwambie mtoto akate kila penye fundo. Kamba ya jirani ina mafundo mahali pengine, kwa hiyo vipande vyake vitakuwa na urefu mwingine. Ukivipanga vipande chini utajua hii ni kamba ya nani bila kuuliza. Maabara hufanya hivyohivyo. Kwanza wanaikuza sehemu moja ya vinasaba kwa mashine, yaani wanaizidisha mara mamilioni mengi ili ipatikane ya kutosha, kisha wanaikata, kisha wanapima urefu wa vipande. Jirani zetu wa Zambia, kule mashariki mwa nchi yao, damu za ng'ombe wao zimepimwa kwa njia hii, na vipande vikaonyesha ni aina ipi ya ndorobo iliyomo. Walijaribu hata kutafuta kwa mkasi huo vimelea waliozoea dawa, ingawa baadaye watafiti wengine waliitilia shaka mojawapo ya alama walizozitegemea. Ndivyo sayansi ilivyo, mmoja anasema, mwingine anakwenda kuhakikisha.

Ubaya wa njia hii ni kwamba inahitaji maabara kamili, umeme usiokatika na mtu aliyesomea. Haiji zizini.

Mkasi wa pili ndio uliowafanya mniulize maswali mengi, nami naona una maana zaidi kwetu tunaokaa mbali. Mwaka 2012 akina mama wawili, Jennifer Doudna wa Marekani na Emmanuelle Charpentier wa Ufaransa, walionyesha kwamba mkasi mwingine wa bakteria unaweza kuelekezwa ukakate mahali popote unapotaka. Mwaka 2020 wakapewa Nobel. Uzuri wake ni kwamba unaupa kielekezo, kipande kifupi kinachofanana na maandishi ya yule unayemtafuta. Mfikirieni mbwa wa polisi anayenusishwa nguo ya mwizi. Anapita katikati ya watu mia, hamgusi yeyote, mpaka amkute mwenye harufu ile.

Sasa kuna ndugu wa mkasi huu wenye tabia ya ajabu. Wakishampata wanayemtafuta na kumkata, wanapandwa na wazimu na kuanza kukata kila uzi ulio karibu. Tabia hiyo ingeonekana kasoro, lakini ndiyo iliyoleta kipimo. Wataalamu wanatia ndani ya kichupa nyuzi fupi walizozitengeneza, ambazo zikikatwa hutoa mwanga, au huonyesha mstari kwenye kijiti cha karatasi. Mkasi ukimkuta kimelea, utakata na nyuzi hizo, na mstari utaonekana. Usipomkuta, unatulia. Kwa macho kinafanana na kile kijiti cha kupima malaria mnachokijua zahanati, ingawa kile cha malaria hakitafuti vinasaba. Kabla ya mkasi kuingia, vinasaba hukuzwa kwanza, lakini yako maji ya dawa yanayovikuza kwenye joto linalokaribia lile la mwili wa ng'ombe, bila ile mashine kubwa.

Njia hii ya kupima ilitangazwa mwaka 2017 na 2018. Mwaka 2020, wakati wa korona, Marekani iliruhusu kwa dharura kipimo cha namna hii kwa watu. Kwa upande wa ndorobo, watafiti wa Institut Pasteur ya Paris wakishirikiana na wenzao wa Afrika Magharibi wametengeneza mkasi wa kuwatafuta vimelea hawa, na wamewapima nguruwe wa kufugwa nchini Guinea na Côte d'Ivoire. Nguruwe wengi walikutwa nao.

Niseme ukweli, maana kuna kijana aliyeniuliza kama ninacho kwenye begi. Sina. Kipimo hicho bado hakijafika mikononi mwa maafisa mifugo wa kata. Tulichonacho nchini ni zile mashine za kukuza vinasaba, kwa mfano maabara kuu ya mifugo ya TVLA pale Temeke na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Kuna pia kituo cha Tanga kilichobobea kwenye mbung'o na kupe. Hao wa Tanga ndio walioshiriki kuwazalisha mbung'o dume walioondolewa uzazi, wakamwagwa Unguja kutoka angani, na mbung'o wakatoweka kisiwani miaka ya 1990. Kwa hiyo damu ya ng'ombe wako inaweza kupimwa vinasaba leo, ila inabidi isafiri. Na kusafiri kwake ndiko kunakonifanya niandike karatasi hii, kwa sababu mkasi uwe wa zamani au mpya, mashine iwe ndogo au kubwa, hauna la kufanya kama damu iliyofika imeshaharibiwa zizini.

Nayo huharibiwa hivi. Ng'ombe akinyong'onyea, mtu anakwenda duka la dawa, anaeleza dalili, anauziwa chupa. Anachoma. Hakupona, anarudi, anauziwa chupa nyingine. Hakupona, ndipo ananipigia simu. Ninapofika nakuta ng'ombe ana dawa mbili au tatu mwilini, zote nusu dozi. Vimelea wamepungua bila kwisha, hadubini haioni, na hata kipimo cha vinasaba kinaweza kunichanganya, maana kwa siku chache baada ya sindano vinasaba vya vimelea waliokufa huwa bado vinaelea kwenye damu. Nikipata jibu kwamba wapo, sitajua kama ni maiti au ni wazima waliokataa dawa.

Nawaomba tubadilishane zamu: damu itoke kwanza, dawa iingie baadaye. Sisemi umwache mnyama afe akisubiri majibu kutoka Temeke, hapana. Nipigie, nitoe damu, na kama hali ni mbaya namtibu palepale, dakika tano baadaye. Damu niliyoitoa kabla ya dawa itakuja kutuambia kama tulibahatisha vizuri, na itatusaidia kwa wale ishirini waliobaki zizini. Usitoboe mwenyewe. Kijiti cha mwiba au wembe uliopita kwa ng'ombe watatu unachanganya damu za watatu, na kipimo kikali namna hii kitamtaja mgonjwa ambaye si mgonjwa. Mimi hutumia sindano moja kwa mnyama mmoja, na kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani kina dawa ya kuzuia damu isigande. Nikikosa barafu, hudondoshea damu kwenye karatasi maalumu ya kuchujia, nikaiacha ikauke kivulini. Akina mama, hapa ndipo ninapowahitaji: karatasi hiyo isianikwe juani, isiwekwe juu ya dari la jiko kwenye moshi, watoto wasiishike, na ikishakauka ikae kwenye bahasha, si kwenye mfuko wa plastiki wenye unyevu. Ikitunzwa hivyo, inasafiri salama hata kwa basi.

Kuna mnyama mmoja ambaye hatutamtoboa wala kumchuna: aliyekufa ghafla huku damu ikitoka puani, mdomoni au nyuma. Huyo huenda ni kimeta. Msimguse, msimpasue, msigawane nyama. Niiteni.

Na mkiniita, jambo la kwanza nitakalouliza ni alikochungwa. Huku juu Ufipa kupe ndio wanaotusumbua zaidi, hivyo kila tezi iliyovimba tunaiita ndigana. Lakini ng'ombe aliyeteremka bondeni, au aliyepita kwenye mapori ya miombo, anarudi na hadithi nyingine. Kijana aliyechunga ndiye anayeijua hadithi hiyo, si baba aliyebaki nyumbani. Tafadhali baba, mwache kijana aseme mbele yako bila kuogopa, hata kama aliwapeleka mahali ulipomkataza.

Mzee mmoja aliniuliza, "Kama ng'ombe amenenepa na anakula, damu yake ya nini?" Nikamjibu kwa habari ya Uganda. Mwishoni mwa mwaka 1998 malale ya watu ilizuka wilaya ya Soroti, mahali ambapo haikuwepo. Watafiti walipofuatilia walikuta inahusiana na mnada wa ng'ombe, ambako wanyama waliletwa kutoka maeneo yenye malale. Ng'ombe anaweza kubeba kimelea wa malale ya watu na asionyeshe dalili yoyote. Kwa hadubini kimelea huyo hana tofauti na ndugu yake asiyemdhuru mtu. Kinachowatofautisha ni kipande kimoja cha vinasaba, basi. Na malale kwetu Rukwa si hadithi ya mbali, mkoa wetu ni mmoja wa ile inayotajwa kuwa na ugonjwa huo. Kwa hiyo mtoto au mchungaji aliyetoka porini akawa na homa isiyosikia dawa ya malaria, apelekwe hospitali, na mseme wazi kwamba aliumwa na mbung'o.

Mama mmoja aliuliza kama mkasi huu utabadilisha ng'ombe wake, azae ndama wa ajabu. Hapana, mama. Kukata kote kunafanyika ndani ya kichupa. Hakuna kinachorudishwa kwenye mwili wa ng'ombe, wala kwenye maziwa. Ni kweli mikasi hiyohiyo hutumiwa na wataalamu kwa kazi nyingine za kubadili vinasaba, lakini hiyo ni kazi tofauti na kupima.

Mwingine akaniuliza kama nikishaandika idadi ya ng'ombe kwenye fomu ya maabara atakuja kudaiwa kodi. Fomu inauliza mnyama niliyemtoa damu, umri wake, dalili zake na alikochungwa. Ukubwa wa zizi lako lote haumo.

Tena kuna aliyetania kwamba mimi ni mumiani wa ng'ombe. Damu ninayoitoa haifiki kijiko kimoja cha chai, na ng'ombe wa kilo 250 ana zaidi ya lita kumi.

Neno moja kuhusu majibu. Yule mbwa ananusa kile tu alichonusishwa. Maabara ikitafuta ndorobo na kusema hakuna, haijasema kwamba hakuna ndigana, wala minyoo, wala njaa. Msinirushie karatasi ya majibu mkisema kipimo ni cha uongo. Tuulizane kwanza tulitafuta nini.

Na majibu yakisema ni ndorobo, dozi ifuate uzito. Ninao utepe wa kupima kifuani unaokadiria kilo. Maksai mkubwa akipewa dozi ya ndama kwa sababu mmechangia pakiti moja, au unga ukiongezewa maji ili utoshe wanyama wengi, wanaokufa ni vimelea dhaifu, wale wakali wanabaki kuzaana. Dawa zenyewe za ndorobo ni chache. Tukizizoesha vimelea, hakuna duka Sumbawanga litakalotuuzia nyingine.

Yule mzee wa maksai alikaa misimu miwili akiazima ng'ombe wa jirani kwa zamu, analima wa mwisho, mvua ikiwa imeshakwenda. Sasa ana jozi nyingine. Mwaka jana alipopanda nao kutoka bondeni alinipigia simu akiwa bado njiani, kabla hajafika nyumbani.

Siku ya kuogesha ijayo nitakuja na vichupa na karatasi za kuchujia. Sina za kutosha ng'ombe wote, kwa hiyo waanze waliorudi kutoka bondeni mwezi huu na wale wanaokonda huku wanakula. Waleteni asubuhi, kabla jua halijawa kali, na kabla hamjapita dukani.